Nimeomba uhadhiri kimyakimya, sasa naogopa hata kuitwa

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Naandika usiku, nyumba nzima imelala. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Njombe. Nina miaka 38, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la pili. Nafundisha Kiswahili na Historia, na huu ni mwaka wangu wa 12 kazini.

Shahada ya kwanza nilimaliza kwa GPA ya 3.9. Walimu wangu wa chuo walitaka nibaki pale, ila mwaka ule nafasi hazikutoka, baba alikuwa mgonjwa, ajira ya ualimu ikaja nikaishika. Baadaye nilijiunga na Chuo Kikuu Huria nikasoma shahada ya umahiri ya Kiswahili kwa fedha zangu mwenyewe, miaka minne, usiku na likizo. Tasnifu yangu ilihusu insha za wanafunzi wanaokua wakizungumza Kibena nyumbani. Nilipata 4.3. Siku ya mahafali sikwenda kwa sababu nilikuwa zamu.

Tangu hapo moyo wangu haujatulia. Natamani kufundisha chuo kikuu. Miaka miwili iliyopita ilitangazwa nafasi ya Mhadhiri Msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikubwa cha umma, sifa zote ninazo. Tangazo lilikuwa la siku 14. Niliandika barua nikaipeleka kwa mkuu wangu wa shule ili aipitishe iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, maana tangazo linataka sisi tulio kazini tupitishie barua kwa mwajiri. Aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye droo, akaniuliza, "Mwalimu, kidato cha nne utamwachia nani?" Siku ya tatu nilipoulizia akasema anaishughulikia. Siku ya 13 akawa safari ya kikazi. Dirisha likafungwa barua yangu ikiwa drooni.

Mwaka huu nafasi imetoka tena, chuo kilekile. Sikumpelekea barua. Nilikwenda steshenari Makambako, nikaskani vyeti, nikajaza kwenye mfumo wa maombi na kutuma. Kwenye wasifu niliandika kwamba nina uzoefu wa kufundisha miaka 12, lakini sikutaja mwajiri. Mwenye steshenari aliniuliza kama nimemaliza, nikajibu ndiyo huku mikono inatetemeka kama nimeiba kitu.

Majina ya usaili bado hayajatoka. Kila asubuhi kabla ya paredi nafungua simu naangalia. Nikikuta hamna tangazo napumua, halafu hapohapo naumia. Sijui ninachokitaka ni kipi.

Mwalimu mwenzangu, rafiki yangu wa karibu, anasema niache kazi kabisa ili niwe huru kuomba popote. Ndiye pia aliyenikutanisha kwa simu na mtu aliyeko Dodoma anayesema anafahamiana na wahusika. Alitaka milioni moja na nusu. Nikamwambia sina, akasema mkono mtupu haulambwi, nitangulize kidogo. Nimemtumia laki mbili. Tangu nitume ananipigia kila baada ya siku mbili kuniuliza zilizobaki.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa mbao. Ni mtu mwema. Nilimuuliza siku moja tukila, ikitokea nikapata kazi chuoni mkoa mwingine itakuwaje? Alinyamaza kidogo, akasema, "Fanya unavyoona." Hakuongeza neno. Mimi nimeelewa kwamba hataki. Hajui kama nimeshaomba, na habari za laki mbili hazijui kabisa. Mama mkwe anaishi nasi, na najua atasema nini nikienda mbali na watoto.

Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, umebaki miaka mitatu. Tulijengea nyumba.

Kuna jambo jingine dogo. Nina sanduku la bati limejaa insha za wanafunzi wangu tangu mwaka 2014, zile walizoniachia wakimaliza shule. Linachukua nafasi chumbani. Juzi baba watoto aliuliza kama zile karatasi tunaweza kuwashia moto, baridi ya huku unaijua. Nilimkaripia, jambo ambalo si kawaida yangu. Baadaye nikalia, na sikujua nalilia nini.

Mama, nikiitwa usaili niende au nisiende? Nimwambie mkuu wa shule? Na nikibaki hapa hadi kustaafu, si nitakuwa nimeitupa elimu yangu? Tena wapo wanaosema cheti cha masomo ya huria hakina uzito mbele ya majopo ya vyuo vikubwa, kwamba najisumbua bure.

Naomba usitaje jina langu.

Mwalimu, Njombe

JIBU

Marahaba, mwalimu. Pole, na ahsante kwa kuniamini.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikihangaika na nafasi yenyewe. Mara ya pili nikaanza kuwahesabu watu. Wanaojua kwamba umeomba kazi hii ni watatu: rafiki yako, mtu wa Dodoma usiyemjua sura, na mimi. Mume wako hajui. Mkuu wako wa shule hajui. Mwajiri wako hajui. Wale ambao maisha yako yatawagusa kesho asubuhi ukiitwa ndio hao hawajui, na wanaojua hawatakuwepo kukusaidia kubeba mzigo. Nadhani ile mikono iliyotetemeka steshenari haikuwa inaogopa chuo kikuu. Sifa unazo na unajua unazo. Kinachokutetemesha ni siri.

Kwa hiyo naomba tulitenganishe fundo hili uzi mmoja mmoja. Sitakuambia uende au usiende. Wewe ndiye utakayeamka kwenye nyumba hiyo, na mimi sijawahi hata kulala humo.

Nianze na huyo mtu wa Dodoma, kwa sababu yeye hawezi kungoja. Mwanangu, huyo ni tapeli, na kama si tapeli basi ni mla rushwa, na hali zote mbili zinakuumiza. Usaili wa nafasi hizi unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Majina hutangazwa hadharani, na kuomba kwenyewe hakulipiwi. Mtu anayekupigia kila baada ya siku mbili hana kazi ya kukupa, ana simu tu. Ukiitwa kwa haki yako atasema ni yeye, usipoitwa atasema hukumalizia. Na sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamhusu anayetoa sawasawa na anayepokea. Acha kumtumia chochote. Hifadhi jumbe zake na kumbukumbu za ule muamala. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba yao ya bure, 113, na ofisi zao ziko hadi wilayani. Naelewa kwamba kuripoti kutakuogopesha, kwa kuwa na wewe ulitoa, na ndiyo maana ni vizuri kwanza uongee na wakili au mtu wa msaada wa kisheria aliye karibu nawe. Aibu unayoisikia juu ya laki mbili naielewa pia. Wengi wenye akili timamu wamenaswa hivyohivyo, kwa sababu mtu huyu hauzi kazi, anauza matumaini, na wewe ulikuwa umeshakaliwa barua mara moja.

Sasa hiyo barua. Nakubali ulitendewa vibaya. Barua ya mtumishi haipaswi kulala drooni hadi dirisha lifungwe. Kama mkuu alikuwa na pingamizi, angeliandika, likaenda juu pamoja na barua, mwenye mamlaka akaamua. Hata hivyo naomba uliangalie lile swali lake upya: "Kidato cha nne utamwachia nani?" Ulilisikia kama mlango unafungwa, na ulifungwa kweli. Lakini ndani yake kuna mtu anayejua kwamba ukiondoka hatapewa mwingine haraka. Sikwambii umhurumie. Nakwambia hujui bado kama ni adui yako, maana hamjawahi kukaa mkazungumza. Alikuuliza swali, nawe hukumjibu.

Kuhusu kuomba bila kupitisha barua, nikueleze hatari yake ilivyo. Maelekezo ya matangazo ni kwamba aliye katika utumishi wa umma, akiwa na sifa za kuingia kada nyingine, apitishe maombi kwa mwajiri wake, na mwajiri ajiridhishe. Tangazo huwa pia linaonya juu ya taarifa za kughushi. Wewe hukughushi cheti, vyeti vyako ni vya jasho lako. Ila umenyamaza mahali ambapo ulitakiwa kusema. Ukiitwa utasafiri hadi huko kwenye usaili, na huwezi kusafiri siku mbili tatu za kazi bila ruhusa. Utamwambia mkuu unakwenda wapi? Msibani? Hapo siri moja inazaa uongo wa kwanza. Jopo likikuuliza hiyo miaka 12 umefundisha wapi, utajibu nini? Tuseme umepita vyote, ukapangiwa. Mwajiri mpya atataka kuingiza taarifa zako, na utakutwa upo tayari kwenye orodha ya mishahara ya serikali, una namba ya utumishi (check number) na una mkopo unaokatwa. Furaha yako inaweza kukwamia hapo, mezani kwa ofisa utumishi, mwezi baada ya mwezi.

Je, kuna njia ya kurudi barabarani? Ninaiona moja, ingawa si ya uhakika. Unaweza kuandika barua leo kwa mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wa shule na ofisa elimu sekondari, ukieleza kwamba umeomba nafasi fulani, tarehe fulani, na unaomba idhini ya mwajiri na ruhusa ya kuhudhuria usaili iwapo utaitwa. Iseme kweli kwamba maombi yalitangulia. Usitaje droo, hiyo si barua ya mashtaka. Kisha fanya jambo ambalo walimu wengi hatulifanyi kwa kuona haya: toa nakala mbili, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Vivyo hivyo ikifika masjala ya halmashauri. Barua yenye muhuri wa masjala hailali usingizi kirahisi. Mkuu asipoipitisha kwa siku kadhaa, nakala yako yenye muhuri inakupa adabu na haki ya kwenda kwa ofisa elimu ukauliza imefikia wapi.

Hatari yake ipo, sitakuficha. Mkurugenzi anaweza kukataa. Mkuu atajua kwamba ulimpita mlango wa nyuma, na ofisi ya walimu ni ndogo, maneno yataruka. Unaweza kuulizwa kwa maandishi kwa nini hukufuata utaratibu. Hayo utayabeba kwa miezi, na watakuwepo watakaokuita "profesa" kwa kejeli unapoingia kunywa chai. Jiulize kama kifua chako kinayaweza mwaka huu.

Ipo pia njia ya kuliachia hili lipite, ukajipanga kwa tangazo lijalo, kwa kuanza mazungumzo na mkuu mapema, kabla ya siku 14 kuanza kuhesabika. Najua utasema muda unakwenda. Kuna sharti la umri wa miaka 45 kwenye matangazo, na najua wengi linawanyima usingizi. Lakini sharti hilo huwa haliwahusu wale walioko kazini serikalini. Kwako halijakunyonga. Gharama ya kungoja ni kwamba nafasi za Kiswahili hazitoki kila msimu, na moyo nao huchoka kungoja.

Hapo ndipo napata wasiwasi na ushauri wa rafiki yako wa kuacha kazi ili uwe huru. Anakupenda, sina shaka. Ila tazama anachokushauri. Ukiacha kazi, ile nafuu ya umri inaondoka. Kurudi tena serikalini kwa mtu aliyetoka kuna vikwazo vyake, na matangazo hayawapokei kirahisi waliokwisha kuwa watumishi wakaondoka. Benki itataka fedha yake, na nyumba mliyoijenga ndiyo mnayolala. Ukihama ukiwa ndani ya utumishi, kwa kibali, michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inaendelea na mkopo unaendelea kukatwa ulipo. Ukitoka unaanza upya ukiwa na deni. Labda ipo sababu ambayo itakufanya uone inafaa, mimi sijaiona kwenye barua.

Sasa nyumbani. Umeniandikia alichosema mume wako, na nashukuru umeyaweka maneno yake kama yalivyo: "Fanya unavyoona." Halafu ukaniambia umeelewa kwamba hataki. Inawezekana. Mke anaujua ukimya wa mume wake kuliko mshauri yeyote. Lakini inawezekana pia alinyamaza kwa sababu uliuliza "ikitokea", kama mtu anayeuliza mvua ikinyesha. Angejibu nini? Hukumwambia ni chuo gani, ni lini, mshahara utakuwaje, watoto wangehama shule au wangebaki na bibi yao. Na yeye biashara yake ya mbao imeota mizizi hukohuko, haibebwi kwenye begi. Pengine alichokisikia siku ile ni kwamba mke wake anafikiria maisha ambayo yeye hayumo, akakosa neno.

Mkizungumza, mwambie na sehemu ambayo naona hukuitaja kabisa barua nzima. Mhadhiri Msaidizi hafiki akatulia. Ngazi ile ni ya kupita. Ili uwe Mhadhiri utatakiwa shahada ya uzamivu, na ndoa nyingi za wanataaluma nilizowahi kuzisikiliza hazikuyumba siku ya kuhamia chuo, ziliyumba miaka ya uzamivu, mtu anarudi nyumbani amebeba karatasi na mawazo yake yote yako huko. Una miaka 38. Kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60, kwa hiyo una 22 mbele, na katika hiyo minne au mitano itakuwa ya kusoma tena. Inatosha kabisa kujenga kazi nzuri. Ila ni haki ya baba watoto kujua kwamba hakuulizwa kuhusu safari moja, ameulizwa kuhusu mbili.

Na laki mbili mwambie. Uchague saa, lakini mwambie kabla hajaisikia kwa simu ya yule mtu.

Mama mkwe simwoni kama kikwazo ulivyomchora. Ni bibi anayeishi na wajukuu zake. Huenda akawa wa kwanza kulalamika na wa kwanza kuwabeba.

Nije kwenye swali lililoniuma zaidi. Umeniuliza, ukibaki hapo hadi kustaafu, si utakuwa umeitupa elimu yako. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara chache maishani mwangu, na nimewahi kuwasikia waombaji wakizungumzia shule walizotoka kana kwamba walikuwa kifungoni. Jopo huwa linasikia. Wewe umefundisha watoto wa Njombe kuandika kwa miaka 12. Kuna vijana huko wanaoandika barua zao za kazi leo kwa aya ulizowafundisha wewe. Elimu hiyo ilitupwa wapi? Kutamani chuo kikuu ni kutamani kuzuri, na sitaki ukizime. Natamani tu ukitamani bila kulidharau darasa ulilosimama, kwa sababu chuoni nako, hasa kikubwa, Mhadhiri Msaidizi hushika vikundi vya semina kimoja baada ya kingine, husahihisha marundo ya karatasi, husimamia mitihani. Anayedhani anakimbia kusahihisha atakukuta kuko kulekule, kumeongezeka.

Kuhusu cheti cha huria: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma, kimekuwepo tangu mwaka 1992, na shahada yake inatambuliwa kama za vyuo vingine. Majungu hayaishi, lakini tangazo linauliza sifa na GPA, nawe unazo. Watakachokuchimba ni tasnifu. Kwa nini Kibena, kwa nini insha, ulizichambuaje, utaendelea na nini? Huenda ukapewa mtihani wa kuandika kwanza, kisha mahojiano, na pengine mada fupi uifundishe mbele yao. Mtu aliyewahi kushika kidato cha pili B saa nane mchana baada ya ugali hana sababu ya kuogopa wazee watano waliokaa kimya.

Ndipo ninapofika kwenye lile sanduku. Umeliita jambo dogo, ukaliweka mwisho, karibu ulisahau. Mimi naona ndilo lililobeba barua yako yote. Insha za wanafunzi wa eneo moja, kuanzia mwaka 2014 hadi leo, zimeandikwa kwa mkono, na mwalimu wao anawajua kwa majina na lugha za nyumbani kwao. Mwalimu, wapo wanataaluma wenye vyeo vikubwa ambao wangetamani kulifungua sanduku hilo kwa dakika kumi. Hizo ni data za utafiti, na za aina ambayo huwezi kwenda kuzikusanya upya, kwa sababu watoto wale wamekua. Nadhani ulipolia ulikuwa unalijua hilo, hata kama hukulipata neno lake.

Na hapa kuna njia ambayo hukuniuliza. Huhitaji kibali cha mtu, wala droo ya mtu, kuanza kuandika makala moja kutokana na insha hizo. Ukificha majina ya wanafunzi, na ukiwatafuta wale unaoweza kuwapata uwaombe ridhaa, inaweza kwenda kwenye jarida la kitaaluma. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa Mulika na Kioo cha Lugha, na makala za huko huandikwa kwa Kiswahili hikihiki tunachozungumza. Itachukua muda, itarudishwa na masahihisho mekundu, utakasirika. Lakini ukiitwa usaili, uwe mwaka huu au baada ya miaka mitatu, utaingia na kitu mkononi. Na kama hutaitwa kamwe, utakuwa mwalimu wa sekondari aliyechapisha, jambo ambalo linaweza pia kukufungulia mlango wa ukufunzi katika chuo cha ualimu kilicho karibu zaidi na nyumbani. Hilo sijui kama umewahi kulifikiria. Usilidharau kabla ya kulitazama.

Hatari ya njia hii ni kwamba inaweza kugeuka kichaka cha kujifichia. Mtu anaweza kuandika miaka kumi ili asiombe kazi. Wewe mwenyewe utajua siku ambayo makala imekuwa kisingizio.

Umesema ukikuta hakuna tangazo unapumua, halafu unaumia. Usiharakishe kuchagua kipi kati ya hivyo viwili ndicho cha kweli. Vyote ni vyako. Labda unapumua kwa sababu ya siri, na unaumia kwa sababu ya ndoto, na siri ikiondoka utaisikia ndoto vizuri zaidi inasema nini. Ukijaribu wiki hii kumwambia mtu mmoja tu kati ya wale wasiojua, ni nani angekuwa wa kwanza? Mimi nilipofika mwisho wa barua yako nilimfikiria yule aliyeuliza kuhusu karatasi za kuwashia moto. Hajui alichokuwa anakitaka kuchoma. Mfungulie, utoe insha moja ile uipendayo, umsomee. Kisha mweleze.

Niandikie majina yakitoka, yawe yana lako au hayana. Na kwa sasa, kabla ya lolote kati ya haya, lisogeze hilo sanduku mbali na jiko.

Mama mshauri wako